Teke la Mgongoni

Kama kuna jambo Kiberiti alikuwa hawezi kulimeza hata kwa maji, ni kushindwa na mtu aliyekuja uwanja wa magari na suruali iliyopigwa pasi.

Na asubuhi hiyo alikuwa anashindwa na mtu huyo, dereva mwenzake Mtanashati, tena mchana kweupe, mbele ya mama yake mzazi. Alilizungusha gari zamu ya kwanza, wenzake wakasema si mbaya. Akalizungusha tena, wakasema ajitahidi. Zamu ya tatu wakawa wanaangalia viatu vyao tu, na wanafunzi wa uhandisi wakianza kuangalia viatu ujue hesabu imegoma.

"Niambie tu," alisema Kiberiti, kofia ngumu bado iko kichwani. "Mimi si mtoto."

Kapteni wa timu, msichana mrefu wa mwaka wa mwisho aliyekuwa na filimbi shingoni kama refa, alitazama saa yake ya kupimia, akaitazama tena kama kwamba huenda ikaona haya na kujirekebisha.

"Mtanashati amekuacha mbali, dada. Sijui nikufiche vipi."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali ya kutosha. Mna zamu moja moja iliyobaki. Baada ya hapo nataja jina la dereva wa mashindano, na nikishataja nimetaja."

Kiberiti alihisi uso ukimshuka ndani ya kofia. Gari lile waliliunda kwa mikono yao katika karakana ya chuo, bomba kwa bomba, waya kwa waya. Lilikuwa dogo, limelala karibu na lami, halina tangi wala moshi, ni betri na mota tu, na likipita halingurumi bali linapiga mluzi mwembamba. Yeye alikuwa amelisubiri gari hilo kuliko wengine wanavyosubiri harusi. Aliitwa Kiberiti kwa sababu mbili, umbo dogo na kuwaka upesi, na kwenye gari la kubana kama lile zote mbili zilikuwa sifa. Leo ndiyo siku ya kwanza linakanyaga uwanja halisi, na linamkataa.

Mtu wa kumfungua mkanda alikuwa ameshafika. Huyo ndiye Taratibu, fundi wa betri, kijana mrefu mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini, ambaye neno lake kwa kila aliyesogelea gari lilikuwa hilo hilo: "Taratibu, jamani, huo ni umeme." Hakuna dereva aliyeondoka bila Taratibu kumfunga mkanda, wala aliyeshuka kabla Taratibu hajakagua na kumfungua. Ndiyo ilikuwa kanuni ya timu, na Kiberiti hakuwa na ugomvi na kanuni hiyo. Ukweli ni kwamba tangu walipoanza mazoezi ya polepole kwenye ua wa chuo alikuwa akiingoja dakika ile ya mkanda kuliko alivyoingoja filimbi. Kijana angeinama, pumzi yake ingemgusa shavuni, angeuliza, "Umebana?" naye angejibu, "Kaza kidogo," hata kama ulikuwa umembana mpaka mbavu zinalia.

Leo Taratibu alifungua mkanda bila kumtazama. Macho yake yalikuwa chini, kama ya mtu aliyevunja kikombe cha mgeni.

"Pole," alisema.

"Pole ya nini?"

"Ya... ya jua."

Akaondoka na waya wake wa kompyuta. Kiberiti akabaki anamtazama mgongo.

Kitu cha pili kilichomkera ni furaha ya mama yake. Mama alikuwa amekaa chini ya mwavuli mkubwa pembeni ya uwanja, sanduku la huduma ya kwanza miguuni, ametulia kama maji ya mtungini. Mama huyu ni muuguzi wa mapokezi ya ajali. Ndiye aliyewahi kuficha baiskeli ya bintiye juu ya dari, ikakaa huko mpaka Kiberiti akamaliza shule. Aliposikia habari ya gari la mashindano alisema neno moja tu, "Nife kwanza," na mjadala ukafungwa. Lakini msimamizi wa uwanja hafungui geti bila muuguzi, na muuguzi waliyepatana naye alitoa udhuru dakika za mwisho. Timu nzima ikashika tama. Taratibu akajitolea kwenda nyumbani kwa kina Kiberiti kumbembeleza mama. Kila mtu akamcheka. Asubuhi akatokea naye, kabeba sanduku lake, mama nyuma yake kavaa sare nyeupe, anasalimia watu kama mwenye shughuli.

Hakuna aliyejua Taratibu alimlisha nini.

Mtanashati alirudi kutoka zamu yake ya mwisho akiwa anacheka peke yake. Alivua kofia, akajifuta shingo kwa kitambaa safi, akaketi juu ya tairi karibu na Kiberiti baada ya kulipangusa kwanza. Alikuwa mtu mwema, hilo ndilo lililouma zaidi. Huwezi hata kumchukia vizuri.

"Dada, gari hilo lina wazimu," alisema. "Ukilikanyaga pale kwenye ule mnyoofu, njia isiyo na kona, linakupiga teke la mgongo. Mara ya kwanza nilidhani nimegongwa."

"Teke?"

"Teke la punda! Wewe hulipati?"

Zamu tatu amekanyaga mpaka mguu umegusa chuma, na gari limemsukuma kwa adabu, kama mkwe anayemsogezea mgeni kiti. Teke hakuliona. Akageuza shingo polepole kumtazama Taratibu, aliyekuwa ameinama kwenye gari anachomeka ule waya wa kompyuta inayoipangia mota nguvu. Akakumbuka kwamba huuchomeka kabla ya kila dereva. Kabla ya Mtanashati huchomeka na kuchomoa. Kabla yake yeye hukawia.

Damu ikamchemka kuanzia visigino.

Alimkuta nyuma ya trela, mahali pa chaja, anajifanya kukunja nyaya zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

"Taratibu."

"Naam."

"Nitazame."

"Nakutazama."

"Unaitazama chaja."

Kijana akainua macho. Yalikuwa macho mazuri, ya upole, na siku nyingine yangemsahaulisha Kiberiti ugomvi wake. Leo alijikaza.

"Umelipunguza nguvu gari. Nikiingia mimi tu."

Huko uwanjani mtu alikuwa anapanga upya koni za kuonesha njia, zikigongana pwaa, pwaa.

"Kidogo," alisema Taratibu.

"Kidogo kiasi gani?"

"Robo."

"Robo!"

"Robo na kitu."

"Loo! Na kitu tena! Mimi najilaumu tangu asubuhi, nadhani nimesahau kuendesha, kumbe mwenzangu umenifunga mawe miguuni. Nani kakutuma? Mtanashati?"

"Mtanashati hajui chochote."

"Nani, basi?"

Macho ya Taratibu yaliruka juu ya bega la Kiberiti yakaenda kutua kwenye mwavuli.

"Mama yangu?" Kiberiti alishika kiuno. "Mama yangu mimi?"

"Alisema haji bila sharti hilo. Na asingekuja geti lisingefunguliwa, wote tungerudi nyumbani. Alinikalisha sebuleni, akanipa maji, halafu akaniuliza swali moja."

"Swali gani?"

Taratibu aliushika waya uliokwisha kukunjwa, akaukunja tena.

"Aliniuliza kama nakupenda."

Kiberiti alikuwa amekuja na maneno mengi yaliyopangwa vizuri, yakamtoroka yote. Alijaribu kukunja uso na uso ukakataa.

"Ukasemaje?"

"Nilisema ndiyo. Akasema, kama ni ndiyo ya kweli, basi hakikisha haendi mbio."

Kwa pumzi mbili tatu Kiberiti alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Kisha akatambua kilichotokea, akawaka upya.

"Kwa hiyo umemtamkia mapenzi mama yangu."

"Si hivyo..."

"Ni hivyo hivyo! Mwaka mzima unanifunga mkanda, hujaniambia hata umependeza, halafu mama kwa glasi moja ya maji kaambiwa yote!"

"Aliuliza!" Taratibu alipandisha sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. "Mama aliuliza. Wewe hujawahi kuniuliza!"

Wakatazamana, wote wawili wanahema. Ilikuwa karibu wacheke. Lakini Kiberiti alikuwa na neno jingine, na hilo halikuwa la kucheka.

"Unajua nimefanya nini kufidia hiyo robo yako?" aliuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Nachelewa kushika breki. Kila zamu nachelewa zaidi. Ile kona ya mwisho nimeingia nimefumba jicho moja, kwa sababu kwenye mnyoofu gari haliendi na mimi lazima niipate hiyo sekunde mahali fulani."

Rangi ilimtoka Taratibu. Alikuwa amezigusa breki baada ya zamu ya tatu, zikamuunguza kidole, akadhani hewa haizifikii vizuri. Alikaa juu ya kasha la chaja kama aliyekatwa miguu.

"Nimekutia hatarini mimi mwenyewe," alisema.

"Ndiyo. Wewe na mapenzi yako."

Akamwacha pale, akaenda kwenye mwavuli.

"Kunywa maji kwanza," alisema mama kabla hajafungua kinywa. "Umeiva kwa jua."

"Mama, ulimpa Taratibu masharti gani?"

Mama hakukana. Hakuwa mtu wa kukana. "Amesema? Nilidhani kijana yule ana kifua."

"Nimegundua kwanza, ndipo akasema."

"Kaa."

"Sikai."

"Kaa, mwanangu. Nimetoka kukesha kazini, shingo inaniuma kukutazama huko juu."

Kiberiti akakaa. Ni vigumu kugombana na mtu ambaye shingo inamuuma.

"Wewe ukitazama kile mnachokiita gari unaona gari," alisema mama, macho kwenye lami. "Mimi naona mlango wetu pale kazini. Wanaletwa wakiwa na kiatu mguu mmoja. Sijui kwa nini, kiatu kimoja hupotea kila mara. Na nyuma anakuja mama yake mbio, ananishika sare, 'Nesi, ataamka?' Mimi namjibu vizuri, nimezoea. Lakini siku ambayo nitakuwa mimi ndiye ninayemshika mwenzangu sare, hiyo sitaiweza. Basi. Nikaona kama siwezi kukuzuia, angalau uende polepole bila kujua."

Hasira ya Kiberiti ililowa. Alimshika mama yake mkono, mkono ule mkavu wenye harufu ya spiriti.

"Mama, mgonjwa ukimpunguzia dawa bila kumwambia, anafanyaje?"

"Anaona haimsaidii."

"Halafu?"

"Halafu anajiongezea mwenyewe, huko nyumbani, kwa..." Mama alisita. Alikuwa mwanamke mwerevu, hakuhitaji kumaliziwa. "Umejiongezea nini wewe?"

"Breki. Nazishika nikiwa nimeshachelewa. Mama, leo ndiyo siku niliyoendesha vibaya kuliko zote, na ni kwa sababu mmenificha."

Upande wa pili filimbi ya Kapteni ililia kwa ukali, wakageuka. Timu ilikuwa imemzunguka Taratibu, naye amesimama katikati, mikono nyuma, anazungumza. Hawakusikia maneno yake, ila walimsikia Kapteni vizuri sana.

"Asubuhi nzima? Umetuharibia takwimu za asubuhi nzima kwa ajili ya mapenzi? Wewe? Ambaye hata taa ya stoo huwashi mpaka uikague kwanza?"

Mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. Kisha Taratibu akatoka kwenye lile duara, akaja moja kwa moja hadi kwenye mwavuli, akasimama mbele ya mama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama," alisema, "ahadi niliyokupa nimeivunja. Nimerudisha nguvu zote, sasa hivi, na timu nzima imeona. Ukifunga sanduku lako ni haki yako, tutapakia gari twende zetu. Lakini kumpunguzia huku namficha siwezi tena. Karibu nimuumize. Afadhali nimkose kuliko nimdanganye." Akavuta pumzi. "Na lile swali lako, jibu langu ni lile lile."

Kiberiti aliangalia pembeni, maana machozi yalikuwa yanataka kumuumbua.

Mama alimtazama kijana tangu viatu mpaka nywele. Akaweka mkono juu ya kifuniko cha sanduku. Timu nzima ilikuwa inautazama mkono ule. Kifuniko kikishuka, siku imekwisha, na Mtanashati ndiye dereva kwa namba zilizopo.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema mama hatimaye. "Nawaambia wagonjwa kila siku, halafu nimekuja huku nimefanya yale yale." Akafungua kifuniko hadi mwisho. Akatandaza kitambaa cheupe, akaanza kupanga bandeji na mikasi juu yake, moja moja, bila haraka. "Wewe mtoto, nenda. Na hizo breki uzishike mapema, la sivyo nikikupata nakuchoma sindano hata kama huumwi."

Kiberiti alikimbia.

Taratibu alimfunga mkanda. Safari hii hakuangalia chini.

"Umebana?"

"Kaza kidogo."

"Ukikaza zaidi hutapumua."

"Basi acha hivyo hivyo," alisema Kiberiti. "Gari lina nini leo?"

"Lina kila kitu. Lote ni lako. Uniambie ukiona kitu chochote, hata kidogo."

"Na wewe uniambie."

"Nitakuambia," alisema Taratibu, na ilikuwa wazi hawazungumzii gari tu.

Filimbi ikalia.

Kona mbili za kwanza alizipita kwa heshima, akilisikiliza gari. Kisha mnyoofu ukafunguka mbele yake, akakanyaga, na teke likaja. Lilimpiga mgongoni mpaka pumzi ikamtoka, koni zikawa mstari, na Kiberiti akajisikia anacheka kwa sauti ndani ya kofia, peke yake, kama mwehu. Kumbe ndivyo lilivyo! Kumbe hili ndilo waliloliunda! Kwenye kona ya mwisho hakuhitaji kuiba chochote. Alishika breki mapema, kwa utulivu, gari likainama likageuka bila kelele, likatoka upande wa pili linapiga mluzi. Alilizungusha mpaka akaoneshwa bendera, na alipopita mbele ya timu aliona mikono yote hewani, hata yule wa suruali ya pasi anarukaruka.

Aliporudi, Kapteni alimsogelea. Alimgeuzia saa tu, akaonesha kwa kidole, kisha akageukia wengine. "Dereva wa mashindano ni Kiberiti. Nimeshataja." Kisha akamnyooshea Taratibu kidole. "Na wewe adhabu yako naitafuta. Kwa kuanzia, utafagia karakana mpaka mashindano yaishe."

Mtanashati alivua glavu, akampa Kiberiti mkono. "Nimekubali, dada. Kwa teke hilo hata mimi nisingeshindana nawe."

Mama alikuwa kando ya uzio. Mwanamke aliyeshona vichwa vya watu bila kupepesa alikuwa amefumba macho kabisa, kucha zimemzama Taratibu kwenye mkono.

"Amefika?" aliuliza.

"Amefika, mama."

"Mzima?"

"Mzima. Anacheka."

"Viatu anavyo vyote viwili?"

"Vyote viwili, mama."

Hapo ndipo alipofumbua macho, akamwachia kijana mkono, na kwenye mkono ule zikabaki alama nne nyekundu. Taratibu alikuja nazo hivyo hivyo hadi kwenye gari, akainama kufungua mkanda. Kiberiti akauzuia kwa glavu.

"Usifungue. Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Ulichomwambia mama."

Taratibu aliangalia kulia na kushoto. Timu ilikuwa imesogea, kila mmoja kapata ghafla kazi ya kufanya karibu na gari. Akainama mpaka kwenye kioo cha kofia.

"Nakupenda."

"Sisikii. Nimevaa kofia."

"Nakupenda," alisema Taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Bado."

"Nakupenda!" Safari hii mlinzi wa geti, kule mwisho wa uwanja, aligeuka kuangalia nani anaitwa. Timu ikapiga vigelegele. Mtanashati akapaza sauti, "Mkwe huyo!" na Kapteni akapuliza filimbi bila sababu yoyote.

"Mwanangu, usijichoshe," mama alimwambia Taratibu kutoka kwenye uzio. "Amesikia tangu mara ya kwanza. Namjua, nimemzaa mimi."

Kiberiti akainua kioo. Macho yalikuwa yamelowa na bado yanacheka.

"Sasa niulize na mimi," alisema.

Taratibu akapiga goti kwenye lami ya moto ili nyuso zao zilingane, akamuuliza lile lile swali la mama, kwa sauti ya chini iliyowatosha wawili tu. Kiberiti hakumngoja amalize sentensi, akasema ndiyo.